Maelezo ya Mwenyekiti Kuhusu Kompyuta Iliyojaa

(Ukumbi wa kukodi, Maplewood, Jumamosi baada ya adhuhuri. Wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Miji Pacha, Minneapolis na Saint Paul, wameitwa waelezwe kwa nini Bi Fathiya, mgonjwa wa figo, hakuchukuliwa kupelekwa dayalisisi, kusafishwa damu, Jumatatu iliyopita, siku ya theluji. Mwenyekiti Elkanah anapanda jukwaani, anaigonga maikrofoni kwa vidole kuona kama inasikika, ingawa wote wamesikia akikohoa, na anaanza.)

Mheshimiwa Makamu wangu, Bwana Wanjohi, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu, wajumbe wa Kamati Ndogo, na wajumbe wa ile Kamati ya Kati tuliyoiunda ili hizo mbili zisigongane, mashehe wetu na wachungaji wetu mlioketi pamoja kwa amani kwa sababu viti vilikuwa vichache, Mlezi wa Jumuiya, ambaye hakufika, mwakilishi wa Mlezi, ambaye naye hakufika lakini ametuma salamu motomoto, wauguzi mliotoka kazini alfajiri, ambao naona mmefumba macho ili mnisikilize vizuri zaidi, wafanyabiashara, madereva wa malori, familia mliotoka Lakeville na magari yenu yenye viti vya kupasha joto, ninyi wa Saint Paul mliopanda treni, mkapanda basi, kisha mkamalizia kwa miguu, watoto wetu mnaosikia Kiswahili vizuri kabisa na kutujibu kwa Kiingereza, mabibi na mabwana, hamjambo. (Wachache: "Hatujambo." Mmoja anauliza pilau itatoka saa ngapi.)

Wengine husema "itifaki imezingatiwa" halafu wakaendelea na mambo yao. Mimi siamini njia za mkato. Kiongozi ambaye hajatajwa huumia moyoni, na kiongozi aliyeumia moyoni hawezi kufanya delivery.

Nasimama mbele yenu mimi, Mhandisi Elkanah, Mwenyekiti wa Jumuiya, Mkurugenzi wa Usafiri wa Wagonjwa, Msimamizi Mkuu wa Mageuzi ya Kidijitali na Kaimu Mkuu wa Itifaki, cheo ambacho nilijiteua baada ya kujihoji kwa kina na kuridhika na majibu. Nasimama kutoa maelezo ya kitaalamu, comprehensive, kuhusu kile ambacho baadhi yenu huko WhatsApp mmekiita uzembe, na ambacho sayansi inakiita kuishiwa na memori.

Kwanza tujikumbushe tulikotoka. Kabla ya uongozi wangu, wagonjwa wetu walipelekwa hospitali kienyeji. Bi Arafa alikuwa anakaa jikoni kwake na simu, anamwuliza huyu, "Kesho uko off?" Anamwuliza yule, "Ukitoka job utapita karibu na kwa Bi Fathiya?" Mgonjwa anachukuliwa, anapelekwa, anarudishwa kwake, mwisho wa habari. Hakuna framework. Hakuna dashboard. Hakuna hata logo. Watu walikuwa wanafika tu, bila mwongozo wowote. (Bi Arafa, mama wa makamo katika safu ya pili, anaangalia viatu vyake.) Nikamwambia mbele ya Kamati Kuu, dada yangu, kwa heshima zote, unayoyafanya si mfumo, hayo ni mazoea, na dunia ya sasa haiendeshwi kwa mazoea. Tukampumzisha kwa heshima na tukampa cheti, ambacho kitachapishwa.

Badala yake tukaanzisha Mfumo Jumuishi wa Kidijitali wa Uratibu wa Usafiri wa Wagonjwa, ambao kifupi chake bado kinashughulikiwa na kamati ndogo. Tangu tuutangaze, ufanisi umepanda kwa asilimia mia moja na kumi na nne. Kuridhika kwa wagonjwa kumepanda hata miongoni mwa wale ambao hawakuulizwa. Wataalamu wa nje, ambao siwezi kuwataja kwa sababu za kiitifaki, wameniambia kwamba hawajawahi kuona kitu kama hiki. (Bwana Wanjohi anapiga makofi peke yake, kisha anajifanya anasugua mikono kwa baridi.)

Sasa nije kwenye tukio. Jumatatu iliyopita, asubuhi, theluji ikianguka, mama yetu mpendwa Bi Fathiya, ambaye Kamati ilimteua kwa kauli moja kuwa abiria wa kwanza wa Mfumo, hakupata usafiri wa kwenda kusafishwa damu. Hilo lilitokea. Sitalikana, ingawa tulitafuta namna. (Sumayya, binti wa Bi Fathiya, anasimama. Bado amevaa sare ya kazi. "Mwenyekiti, naomba swali moja tu. Mama anatoka hospitali kesho. Jumatatu lazima awe dayalisisi na mimi niko kazini, nimemaliza siku zote za kuomba ruhusa. Nani atamchukua?") Swali zuri sana, binti yangu. Limepokewa. Keti, litajibiwa katika muktadha wake.

Muktadha wenyewe ni huu. Kompyuta, ndugu zangu, ina sehemu mbili za kuweka vitu. Iko diski, ambayo ni kama basement: kubwa, ya baridi, na ukitaka kitu huko lazima ushuke ngazi. Na iko memori, ambayo ni kama meza ya jikoni: ndogo, lakini kila kazi inayofanyika sasa hivi inafanyikia hapo. Juu ya meza hiyo kuna msimamizi anayeitwa mfumo endeshi, ambaye kazi yake ni kugawa nafasi kwa programu zote, na ninapomsoma msimamizi huyu tabia zake, nasema kwa unyenyekevu, najiona mwenyewe.

Kwa sababu mfumo endeshi hufanya nini? Programu ikija kuomba nafasi, hata iombe meza nzima, inaambiwa ndiyo. Ikija nyingine ikaomba meza nzima, nayo inaambiwa ndiyo. Ya tatu, ndiyo. Msimamizi hajatoa nafasi yoyote hapo, ametoa ahadi, na nafasi yenyewe ataitafuta siku programu itakapokuja kuweka sahani. Anajua wengi huomba kikubwa na kutumia kidogo. Hii si hila, ni international best practice. Mwaka jana mimi niliwaahidi wagonjwa wote wa Jumuiya gari asubuhi ileile ya Jumatatu, na kuna watu wenye roho ndogo walioniuliza magari yako wapi, wakati kompyuta kubwa kubwa za dunia hii zinaahidi hivyohivyo kila sekunde na hakuna anayeziuliza. (Sauti kutoka nyuma: "Lakini Mwenyekiti, siku ya theluji kila mtu anataka gari.") Mheshimiwa huyo wa nyuma ametangulia hoja yangu. Wahudumu, mwangalieni.

Ni kweli, kuna siku wote wanakuja na sahani zao kwa pamoja. Hapo mfumo endeshi hauanzi fujo. Kwanza hutupa vile vitu ambavyo unaweza kuvipata tena mahali pengine. Kisha unaangalia nani amekaa mezani bila kufanya kazi, unachukua vitu vyake unavipeleka diski, kule basement. Akivihitaji, vinapandishwa, na vya mwingine vinashushwa. Shida ni kwamba meza ikiwa imejaa kupita kiasi, msimamizi anabaki kupanda na kushuka ngazi siku nzima na chakula hakiivi. Kompyuta haijafa, ila ukiigusa haijibu. Ninyi wenyewe mmeiona hali hii. Mnapiga simu ofisi ya Jumuiya, inaita, inaita, mnasema hakuna mtu. Nawahakikishia kwamba tulikuwa kwenye ngazi. (Kicheko. Mwenyekiti anakipokea kwa kuinua mkono.)

Ngazi zikishindwa, mabibi na mabwana, inabaki hatua ya mwisho, na hapa naomba wazazi muwashike watoto. Mfumo endeshi unachagua programu moja unaiua. Hauiulizi, hauipi notisi, hauisubiri iweke mambo yake sawa. Inafutwa na nafasi yake inagawiwa waliobaki, ili mashine nzima isianguke. Na inachaguliwa ipi? Hapa sayansi iko wazi. Kila programu inapewa alama, na anayekula nafasi kubwa kuliko wengine ndiye wa kwanza kuangaliwa.

Sasa nisiwafiche. Bi Fathiya huenda dayalisisi mara tatu kwa wiki. Mara tatu, jamani. Wako wanachama humu ndani wana miaka hawajaomba hata kupelekwa kung'olewa jino, wanalipa ada yao na kunyamaza. Lakini mama huyu ni Jumatatu, ni Jumatano, ni Ijumaa, na bado arudishwe nyumbani. Simlaumu. Nasema tu kwamba kwa vigezo vya kompyuta, ambavyo havina upendeleo, havina ukabila wala udini, alikuwa na alama za juu sana. (Mguno unapita ukumbini. Sheikh mmoja anasema, "Astaghfirullah." Sumayya amesimama tena. "Mama anakwenda mara tatu kwa sababu akikosa moja, maji yanajaa mapafuni. Alikaa mlangoni na koti lake mpaka jirani alipomwona hawezi kupumua ndiyo akaita ambulensi. Mzee Elkanah, mimi sitaki alama. Jumatatu, nani?") Tunakuja huko, binti yangu, tunakuja. Hisia zako zimeingizwa kwenye kumbukumbu za mkutano.

Mtauliza, je, hakukuwa na namna ya kumlinda? Ilikuwepo. Watengenezaji wa mifumo endeshi ni watu wenye busara, wamempa mwenye mashine uwezo wa kuwekea programu fulani alama kwamba hii isiguswe, liwalo na liwe. Na Kamati Kuu ilikaa kikao kirefu, kwenye mgahawa mzuri, kuamua zipi zisiguswe. Kwa kuwa mimi ndiye Mwenyekiti, Programu ya Salamu za Mwenyekiti ikawekewa alama. Makamu akasema, kwa unyenyekevu wake, haitapendeza Salamu za Mwenyekiti zilindwe na Picha za Makamu ziachwe. Tukazilinda. Mzee wetu mmoja, ambaye hakuwa na programu, aliumia, kwa hiyo tukamtengenezea Programu ya Hekima za Mzee na tukailinda siku hiyohiyo. Programu ya Mpangilio wa Viti vya Mbele, tukailinda. Programu ya Kaimu wa Aliyekuwa Katibu, tukailinda, maana mtu ukimkatalia mzee mwenzio mbele ya watu, kesho utamsalimia vipi? (Wazee wa safu ya mbele wanatikisa kichwa kukubali.)

Mwishowe kila programu yenye mwenyewe ikawa haiguswi. Ikabaki moja tu isiyo na mzee wa kuisemea, nayo ni ya kuwachukua wagonjwa. Bi Arafa angeweza kuisemea, lakini tulikuwa tumeshampumzisha. Basi Jumatatu meza ilipojaa, mfumo endeshi ungefanya nini, maskini? Uliangalia kulia, waheshimiwa. Ukaangalia kushoto, waheshimiwa. Ukaiua ile moja. Na nawaambia mshukuru, kwa sababu vitabu vinasema kompyuta ikikosa kabisa wa kumuua, inasimama yote, na Salamu zangu za Mwaka Mpya mngezikosa.

Kwa hiyo, wanaotafuta mtu wa kulaumu watafute pengine. Hakuna binadamu aliyehusika. Hili lilikuwa tukio la ndani ya mashine, la kiufundi, la bahati mbaya, na Kamati Kuu imelifanyia uchunguzi huru chini ya uenyekiti wangu na kunikuta sina hatia. (Bwana Wanjohi: "Haki imetendeka." Mkewe anamtazama.)

Lakini kiongozi haangalii nyuma, anaangalia roadmap. Natangaza leo Awamu ya Pili. Katika Awamu ya Pili memori itaongezwa mara nane. Kila mgonjwa atapata app, na kila app itapata mgonjwa. Kutakuwa na mabasi madogo ya kisasa yenye joto chini ya miguu, yatakayotoka Saint Paul hadi Lakeville bila kusimama, na wale wa katikati watapungiwa mkono. Kutakuwa na kituo cha simu chenye lugha zetu zote, pamoja na Kifaransa kwa ajili ya ndugu zetu Wakongo, ambao wanalalamika kwa utaratibu mzuri sana. Ramani ya kituo hicho iko kichwani mwangu na naipitia kila siku. ("Jumatatu," anasema Sumayya. Safari hii hakusimama. Wanawake wawili pembeni yake wanarudia neno hilo, kisha safu nzima: "Jumatatu, Mwenyekiti.") Nashukuru kwa shangwe hizo. Ndiyo, hata Jumatatu. Awamu ya Pili haina siku ya mapumziko.

Nikaribie mwisho, maana harufu ya pilau inanipinga. Nikisema "Mfumo," ninyi mseme "Unafanya kazi." Mfumo! (Bwana Wanjohi: "Unafanya kazi.") Naona sauti za wengine zimepelekwa diski. Tena, Mfumo! (Mtoto mdogo anauliza kwa Kiingereza kama wanaweza kwenda nyumbani.) Safi sana. Kidijitali kwa wote, wagonjwa kwanza, itifaki daima.

Kilichobaki ni kushukuru, kwa sababu asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hashukuru. Namshukuru kijana wetu Naftali, anayefanya kazi na kompyuta kule downtown Minneapolis, ambaye Alhamisi alinieleza kwa subira namna mashine inavyoishiwa na memori, baada ya mimi kumwuliza ni kosa lipi ambalo kompyuta inaweza kulifanya bila mtu yeyote kuulizwa maswali. Naftali aliponiuliza yetu ni kompyuta ya aina gani, nilimwambia kweli, maana mimi ni mtu wa kweli, kwamba hatujanunua, bado tuko kwenye hatua ya kuchagua rangi. (Wauguzi wamefumbua macho.)

Namshukuru pia Makamu wangu kwa kutuazima friji yake ndogo, ambayo tuliifunika kitambaa cha buluu na kuizungushia nyaya, ikatoka vizuri mno katika picha za uzinduzi. Ameniomba nitangaze kwamba soda zilizokuwemo hazijulikani zilikokwenda. Namshukuru mpiga picha, aliyenivumilia Jumatatu asubuhi yote nikibadilisha tai, kwani ya kwanza ilikuwa inafanana na kitambaa cha friji. Kazi hiyo ndiyo iliyonizuia kwenda kumchukua Bi Fathiya, kwa sababu ratiba ilisema dereva wa abiria wa kwanza awe Mwenyekiti mwenyewe, kwa heshima ya tukio, na kiongozi hawezi kutoka katikati ya uzinduzi wake. Simu nilikuwa nimeizima sauti. Hiyo ni itifaki ya kawaida ya upigaji picha.

Na shukrani zangu za mwisho, kubwa kuliko zote, nampa Bi Fathiya. Mama yule alinipigia mara nyingi asubuhi ile, na alipoona sipokei hakutukana, hakulalamika, hakunitangaza WhatsApp kama wengine. Aliniachia ujumbe wa sauti, na nimeusikiliza jana wakati natafuta maneno ya hotuba hii. Alisema hivi: "Elkanah, mwanangu, najua barabara ni mbovu, usije ukapata ajali kwa ajili yangu. Endesha polepole. Mimi n'shavaa, n'ko hapa mlangoni, nakungoja." Mabibi na mabwana, huo ndio mfano wa mwanachama bora, anayeuamini uongozi wake hata asipouona. Laiti nyote mngekuwa kama yeye, kazi yetu ingekuwa nyepesi. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna anayepiga makofi. Sumayya amefunika uso kwa mtandio wake, na Bi Arafa amehamia kiti cha pembeni yake na kumshika mkono. Sheikh amesimama, mchungaji naye amesimama, na watu wanaanza kuvaa makoti bila kugusa pilau. Mwenyekiti yuko palepale kwenye maikrofoni, anatabasamu, anasubiri apigwe picha.)